Mtaala ulikuwa kazi ya mwanafunzi kabla ya kuwa waraka wa serikali

Mkenya akisikia neno mtaala leo, kinachomjia akilini kwanza ni Jumba la Jogoo na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Mtaala ni kitu kinachoandikwa na wataalamu, kikazinduliwa na waziri, kikasambazwa shuleni na hatimaye kikalalamikiwa na wazazi. Tunasema mtaala hutekelezwa, kama ambavyo amri hutekelezwa. Katika maneno hayo yote mwanafunzi hatajwi. Yeye ni mpokeaji tu, amesimama mwisho wa foleni akingoja kupewa.

Neno lenyewe halikuanza hivyo. Asili yake ni Kiarabu, mutalaa, yaani kusoma kwa makini, kupitia maandishi ukiyatafakari. Kamusi kongwe za Kiswahili zinalieleza neno mtaala kwa maana iyo hiyo ya usomaji na kujifunza. Katika elimu ya Kiislamu, mutalaa ni kazi anayoifanya mwanafunzi mwenyewe na kitabu chake, pasi na kusukumwa na mtu, ili akikaa mbele ya shehe awe tayari na jambo la kuuliza. Neno talii nalo linatokana na shina hilo hilo. Kwa hivyo mtaalamu wa mitaala na mtalii wa Maasai Mara ni ndugu wa mbali: wote asili yao ni mtu anayeangalia kwa makini.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba safari ya neno hili, kutoka mikononi mwa mwanafunzi hadi kwenye kabati la serikali, ndiyo safari ya elimu yetu ya ngazi ya kati. Nasema ngazi ya kati nikimaanisha ile miaka baada ya mtoto kujua kusoma na kuandika na kabla hajaingia sekondari ya juu. Leo tunaiita Gredi ya 7, 8 na 9. Kwa takriban miaka 75 tumebadilisha jina la ngazi hii, idadi ya miaka yake na mtihani wake. Swali tusilolijibu ni moja: mtoto katika umri huu anafundishwa kujifunza, au anapepetwa tu?

Maneno yaliyohama

Mtaala si neno pekee lililohama. Chukua neno chuo. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu, ndiyo maana msomi mkubwa wa dini huitwa mwanachuoni. Baadaye chuo kikawa mahali watoto wanaposomea Kurani. Leo chuo ni taasisi yenye lango, walinzi na karo. Kitabu kimekuwa jengo.

Chukua muhtasari. Katika Kiarabu, mukhtasar ni kitabu kilichofupishwa ili mwanafunzi aweze kukimudu. Sisi tukalichukua kwa maana ya maelezo mafupi yanayobeba kiini cha jambo. Huko Tanzania neno hili limekwenda mbele zaidi na kuwa orodha rasmi ya mada za somo, ile ambayo sisi Wakenya huiita silabasi. Tena tunaona mwendo ule ule: chombo cha msomaji kimegeuka kuwa hati ya ofisi.

Lakini Kiswahili hakijapoteza kila kitu. Bado tunalo neno kudurusu, lenye shina moja na darasa na madrasa, ambalo maana yake ni kurudia kusoma jambo ili likae. Tunalo neno kamusi, linalotokana na neno la Kiarabu la bahari, baada ya mwanachuoni al-Firuzabadi kuipa kamusi yake jina hilo na jina likashika. Tunalo neno kukariri, ambalo siku hizi limekuwa tusi, ingawa hakuna elimu isiyo na jambo la kukariri. Na tunalo neno mtihani, ambalo Waswahili hulitumia hadi leo kwa maana ya msiba au taabu. Mtu akifiwa utasikia akiambiwa huo ni mtihani kutoka kwa Mungu.

Lugha yenye msamiati huu wote si lugha iliyokosa stadi za kujifunza. Tuangalie basi ni vipi shule zetu zilivyozipa stadi hizo mgongo.

Chekeche la 1949

Mwaka wa 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kasisi wa Kianglikana, ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Waafrika nchini Kenya. Serikali ya kikoloni iliikubali mwaka uliofuata. Ripoti hiyo iligawa masomo katika vipande vitatu vya miaka 4: shule ya msingi, shule ya kati na sekondari. Hapo ndipo ngazi ya kati ilipopata umbo lake rasmi, kuanzia darasa la 5 hadi la 8.

Kwa maandishi mpango huo unapendeza. Shida ilikuwa milangoni. Mwishoni mwa darasa la 4 mtoto alifanya mtihani wa mchujo, na wengi waliishia hapo, wakiwa na umri wa miaka 10 au 12 hivi. Waliovuka walisoma miaka 4 mingine, wakakutana na mtihani wa KAPE. Hapo tena wengi waliachwa, na wachache wakaenda sekondari. Ndani ya shule ya kati yenyewe mkazo uliwekwa kwenye maadili ya dini, kilimo na kazi za mikono. Watoto wa Wazungu na wa Wahindi walikuwa na shule zao tofauti.

Wazazi wa Kati mwa Kenya waliusoma mpango huu upesi kuliko serikali ilivyodhani. Hao walikuwa watu walioziita familia za kwanza kupata elimu ya kizungu athomi, yaani wasomaji, na walijua thamani ya neno hilo. Tayari walikuwa na shule zao huru, na chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka wa 1939. Waliiona ripoti ya Beecher kama dari iliyoshushwa makusudi juu ya vichwa vya watoto wao. Upinzani wao uliingia katika mkondo wa siasa za wakati huo, na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, Githunguri na shule nyingi huru zilifungwa.

Kwa nini niyafukue haya leo? Kwa sababu ngazi ya kati ilizaliwa ikiwa chekeche, na kitu hukumbuka kilivyozaliwa. Nafasi zikiwa chache namna ile, mwalimu mwenye busara hamfundishi mtoto kusoma kitabu kipya peke yake. Anamfundisha kitakachoulizwa. Mzazi naye hataki jingine. Hakuna aliyekuwa mpumbavu hapo; kila mmoja aliusoma mlango ulivyo na kutenda ipasavyo.

Karatasi tatu za CPE

Jambo la pili lilitokea katika lugha. Kuanzia mwaka wa 1957 jijini Nairobi kulianzishwa majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, kisha yakaenea kwa jina la New Primary Approach. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Mfumo ulibadilishwa, shule ya msingi ikawa ya miaka 7, na ile ngazi ya kati ikamezwa humo. Jina likafutika. Chekeche likabaki, likiitwa sasa CPE.

Mimi ni miongoni mwa waliofanya CPE miaka ya 1970. Karatasi zilikuwa tatu: Kiingereza, Hisabati na ile tuliyoiita General Paper, iliyochanganya sayansi, historia na jiografia. Kiswahili hakikuwamo. Tume ilikuwa imekiita somo la lazima, lakini somo lisilotahiniwa lilikuwa kama mgeni asiyewekewa kiti. Kipindi cha Kiswahili ndicho kilichoazimwa Hisabati ilipochelewa. Na hapo ndipo tulipopoteza kitu kikubwa kuliko sarufi. Mtoto wa kijijini aliyekuwa akihangaika na Kiingereza angeweza kujifunza kufupisha, kuuliza na kupanga hoja katika lugha iliyomkaribia, kisha akavivusha vyombo hivyo hadi kwenye Kiingereza. Badala yake alitakiwa ajifunze lugha, habari na namna ya kujifunza kwa wakati mmoja. Walioweza walikuwa hodari kweli. Wasioweza tuliwaita wajinga.

Hata hivyo, miaka hiyo ina funzo zuri ambalo walimu wengi wa leo hawajalisikia. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na miongoni mwa mambo uliyoyakosoa ni mitihani yetu. Baada ya hapo, kitengo cha utafiti wa mitihani katika Wizara ya Elimu, kilichoongozwa na Anthony Somerset, kilianza kubadilisha maswali ya CPE. Yale yaliyotaka kumbukumbu tupu yalipunguzwa, na yale yaliyotaka mtoto afikiri na kuhusisha jambo na maisha yake yakaongezwa. Isitoshe, shule zilitumiwa jarida lililoeleza ni maswali gani watahiniwa walikosea, walikosea vipi, na mwalimu afanye nini darasani.

Hebu tulitafakari hilo. Kabla ya kompyuta, mtihani ulirudi shuleni ukiwa mwalimu. Haukuishia kwenye alama. Hii inaonyesha kwamba ubaya haumo katika kuwa na mtihani, wala wema haumo katika kuufuta. Kinachohesabika ni swali lenyewe linamlazimisha mtoto kufanya nini usiku anapojiandaa.

Neema na mtego wa 8-4-4

Mwaka wa 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza elimu ya msingi iwe ya miaka 9, na Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe. Pendekezo la miaka 9 liliwekwa kabatini. La Kiswahili lilingoja Tume ya Mackay ya 1981 na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, ambapo mtihani wa KCPE ulikiweka Kiswahili pamoja na masomo mengine.

Sisi walimu wa Kiswahili tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Vitabu vilichapishwa, kuanzia mfululizo wa Masomo ya Msingi hadi vile vya wachapishaji wa kibinafsi. Walimu walisomeshwa. Idara za Kiswahili vyuoni zikapata wanafunzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotayarishwa na TUKI na kuchapishwa mwaka wa 1981 ilipata wasomaji ambao isingewapata vinginevyo. Mimi binafsi nimekula ugali wa neema hiyo kwa miaka mingi, na sitaitemea mate.

Lakini kiti tulichopewa kilikuwa mbele ya meza ya mtihani. Karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Insha ilikuwa ya dakika 40. Sasa fikiria stadi za kujifunza zilivyopita katika tundu hilo. Ufahamu, ambao maana yake ni kuelewa ulichosoma na kukifanyia kazi, ukawa ni kutafuta kati ya A, B, C na D. Mtoto alifunzwa aanze na maswali kabla ya kusoma kifungu, ili aokoe muda. Insha ikawa ni kupakia tashbihi na methali zilizokaririwa, kila jua likichomoza kwa mbwembwe zile zile, hata kama insha yenyewe ilihusu ugonjwa wa malaria. Ufupisho nao ukasukumwa hadi sekondari, ambako katika KCSE ni swali lenye alama 15, na mwanafunzi huhesabu maneno kwa kidole. Wachache huambiwa kwamba ufupisho ni kitu cha kufanya kila jioni na daftari la Biolojia.

Masomo yenyewe yalikuwa mengi mno, hata serikali ikalazimika kuyapunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 KCPE ikatoka alama 700 hadi 500. Mzigo ulipungua, lakini njia ya kuubeba haikubadilika. Tuliongeza masomo ya ziada alfajiri, jioni na wakati wa likizo. Mwanafunzi alikaa na mwalimu saa nyingi hivi kwamba hakupata hata nusu saa ya mutalaa, ya kukaa na kitabu bila mtu wa kumwambia jibu.

Matokeo yake tunayaona vyuo vikuu. Kila mwaka hukutana na vijana werevu, waliopita mitihani miwili migumu, ambao wakipewa kurasa 20 za kusoma huuliza, "Prof, hii iko kwa mtihani?" Ukiwaambia waandike notisi, husubiri uwasomee polepole neno kwa neno. Siwalaumu. Wamefika walipofika kwa kufuata sheria za mchezo tuliowatungia sisi.

Ngazi ya kati imerudi

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Mwaka huo huo wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi, maarufu CBC, waliingia Gredi ya 7, na ngazi ya kati ikarejea kwa jina la sekondari msingi, ikihifadhiwa katika majengo ya shule za msingi. Yale pendekezo la miaka 9 ya elimu ya msingi lililolala kabatini tangu 1976 likawa limeamka kwa namna yake.

Mfumo elekezi wa mtaala huu, uliotolewa mwaka wa 2017, unataja umilisi saba wa kimsingi. Mmojawapo ni kujifunza namna ya kujifunza. Kwa mara ya kwanza serikali imeandika, kwa maandishi yake, kwamba mutalaa ni kazi ya mwanafunzi na shule ina wajibu wa kumfunza kuifanya. Mwanahistoria wa elimu hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama.

Masomo ya Gredi ya 7 hadi 9, yaliyokuwa mengi kupita kiasi mwanzoni, yalipunguzwa hadi 9 kuanzia mwaka wa 2024. Katika Kiswahili, mwongozo unataka kusikiliza na kuzungumza, kusoma kwa kina, kusoma kwa mapana, kuandika na sarufi. Viwango vya kutathmini havisemi tena nambari moja na nambari ya mwisho. Vinasema mwanafunzi amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia au yuko mbali. Kwa maneno mengine, kiwango kimerudi kuwa kipimo cha kazi, si cha nafasi darasani.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mlangoni napo? Mwaka wa 2025 wanafunzi hao wa kwanza walifanya mtihani wa KJSEA, ambao huchangia asilimia 60 ya matokeo ya mwisho. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA ya Gredi ya 6 na asilimia 20 kwa tathmini za shuleni. Matokeo hayo ndiyo yanayotazamwa wanafunzi wanapogawiwa njia za masomo na shule za sekondari ya juu, na kila mzazi anajua kwamba shule zetu hazilingani. Kwa hivyo mlango upo. Na pale penye mlango mwembamba, historia inatuambia kitakachofuata: vitabu vya marudio kujaa madukani, masomo ya ziada kurudi kwa majina mapya, na mradi wa mwanafunzi kufanywa na mzazi usiku wa manane kwa katoni na gundi.

Wapo watakaoniambia kwamba mlango haukwepeki, na kwamba mtihani ndio uliomwokoa mtoto wa maskini. Nakubaliana nao. KCPE ilimtoa mtoto wa mchungaji wa mbuzi Turkana ikampeleka shule ya kitaifa bila kumjua mjomba yeyote serikalini. Tukifuta kipimo cha haki, nafasi itachukuliwa na upendeleo. Hoja yangu ni kwamba kipimo na stadi si maadui. Miaka ya 1970 ilituonyesha kwamba swali zuri linaweza kumfanya mtoto afikiri, na kwamba makosa ya watahiniwa yanaweza kurudishwa shuleni yakawa somo. Baraza la Mitihani (KNEC) likitaka kulinda umilisi huu, lianzie hapo: maswali yasiyoweza kujibiwa kwa kukariri, na taarifa ya makosa ifike kwa mwalimu wa Gredi ya 7 kwa lugha anayoielewa, mapema kabla ya mwaka kumponyoka.

Kazi ya kipindi cha Kiswahili

Tusingoje serikali, hata hivyo. Kiswahili kina vipindi 4 kwa wiki katika ngazi hii. Naamini somo hili, lililonyimwa kiti kwa miaka mingi, linaweza kuwa karakana ya stadi za kujifunza kwa masomo yote 9. Haihitaji bajeti ya kutisha.

Kwanza ni mutalaa wenyewe. Kabla ya mwalimu kufundisha kifungu, wanafunzi wakisome peke yao kimya kwa dakika 10, kila mmoja aandike maswali mawili ambayo hajui jibu lake. Kipindi kianze na maswali hayo. Mwalimu atashtuka kuona anachodhani ni kigumu si kile kinachowatatiza watoto.

Pili ni muhtasari. Mwisho wa kila kipindi, cha Kiswahili au cha Sayansi, mwanafunzi afunge kitabu na kuandika sentensi tatu: jambo kuu, mfano wake, na kile ambacho bado hakijamwingia. Mtoto anayefanya hivi kwa miaka 3 hatahitaji kufunzwa ufupisho sekondari ya juu kama kwamba ni fumbo.

Tatu ni kamusi. Nimekutana na walimu wanaolalamika kwamba wanafunzi hawapendi kamusi. Ukweli ni kwamba kamusi ya Kiswahili haifunguki kwa mtu asiyefunzwa. Mtoto akikutana na neno walisomeshwa akalitafuta kwenye W, hatalipata kamwe. Ni lazima ajue kuvua wa-, akavua -li-, akafika somesha, na hapo atambue kwamba mzizi ni soma. Akitafuta maana ya nyuso, aende kwenye uso. Meno, aende kwenye jino. Sarufi, ambayo wanafunzi huiona kama adhabu, hapa inageuka ufunguo wa bahari. Kamusi moja kwa watoto wanne inatosha kuanzia, na shindano la kutafuta maneno matano litawachangamsha kuliko zoezi la ngeli ubaoni.

Nne ni kudurusu. Wanafunzi wetu hudhani kudurusu ni kusoma daftari upya usiku wa kuamkia mtihani. Afunzwe kufunika daftari na kujieleza kwa sauti alichokumbuka, kisha afunue aone alichokiacha. Arudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Hapo kukariri kunapata heshima yake tena, kwa kuwa anakariri kitu alichokwisha kukielewa.

Najua hali halisi. Kuna madarasa yenye wanafunzi 60 na zaidi. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari msingi anayefundisha masomo ambayo hakusomea, tena kwa mkataba usiompa usingizi. Maktaba katika shule nyingi ni sanduku chini ya meza ya mwalimu mkuu. Mambo haya ni wajibu wa serikali na tusiache kuidai. Ila hakuna hata moja kati ya stadi hizi nne inayohitaji umeme, intaneti au katoni. Zinahitaji mwalimu akubali kunyamaza kwa dakika 10, na mzazi akubali kwamba daftari lenye maswali ya mtoto lina thamani kuliko lile lenye vema nyekundu tupu.

Kwa mzazi nina ombi moja la ziada. Muhula huu mtoto wako wa Gredi ya 7 akirudi nyumbani, usianze na, "Umepata ngapi?" Muulize, "Leo umejisomea nini wewe mwenyewe, na kuna nini ambacho hujaelewa?" Huenda siku ya kwanza akakutazama tu, kwa kuwa hajawahi kuulizwa. Muulize tena kesho yake.